Gari Litangulie: Mafunzo Niliyopata kutoka Mahango hadi Malindi

Kahawa ya Mahango, kwetu Kasese nchini Uganda, huiona bahari kabla ya mkulima wake. Hushuka milimani kwa vichwa na kwa pikipiki, hukobolewa huku bondeni, hupakiwa kwenye malori, na habari yake inayofuata ni Mombasa. Mimi ni mnunuzi wa kahawa hiyo. Jina la Mombasa nimeliandika kwenye stakabadhi miaka mingi bila kujua barabara ya kufika huko ina sura gani. Mwalimu wa jiografia kutoka Bwera naye alikuwa na hamu yake, fundi baiskeli wa Kasese mjini na yake, na muuguzi mmoja, dada tunayesali naye, alituambia kwamba tukienda bila yeye tutarudi kwa machela.

Wa tano alikuwa dereva. Aliendesha malori kati ya Mombasa na Kasindi mpaka magoti yakakataa, akastaafu Bwera na pikapu moja. Tulimwita Mzee, naye alituita watoto, hata fundi ambaye ana wajukuu. Yeye ndiye aliyeshikilia kwamba tukishashuka kutoka Mahango tusianzie Kasese bali daraja la Mpondwe, pale malori yanapoiacha Uganda na kuingia Kongo. Kutoka hapo tulipita Kikorongo, Katunguru, Mbarara, Masaka, Kampala, Jinja, Busia, Kisumu, Kericho, Nakuru, Nairobi na Voi hadi Mombasa, kisha tukageuka kaskazini kufuata pwani mpaka Malindi. Ni zaidi ya kilomita 1,500, sisi wanne kwa baiskeli na Mzee kwa pikapu yake.

Tangu turudi, kila anayetuuliza huuliza kuhusu miguu. Kuhusu dereva haulizi mtu, na safari yote ilikuwa mikononi mwake.

1. Gari litangulie, lisifuate

Picha za mashindano zimetuzoesha kuona gari likiwa nyuma ya baiskeli, taa zikimetameta. Mzee aliikataa desturi hiyo kabla hatujafika Kikorongo. "Watoto, nikiwafuata, mimi ndiye nitakayewaua," alisema.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Barabara zetu nyingi ni nyembamba, na sisi tulikwenda kilomita 18 kwa saa, siku njema 20. Gari linalotambaa kwa mwendo huo huziba njia. Nyuma yake hukusanyika basi, lori na teksi yenye haraka. Wote hao wanapolipita kwa mkupuo hawaoni kwamba mbele yake kuna watu wanne wenye mifupa. Wakirudi upande wao, wanarudi juu yetu. Baiskeli peke yake inaonekana, na dereva mwenye akili huipita kwa sekunde mbili.

Kwa hiyo alitangulia. Alikwenda kilomita 15 au 20, akatafuta mahali penye kivuli, nafasi ya kuegesha nje kabisa ya lami, na choo ambacho dada yetu angekubali kukitumia. Hapo alitandika mkeka, akatoa maji na ndizi, akasubiri. Alipomwona wa mwisho wetu akipita ndipo alipokunja mkeka. Tulijua kwamba kila baada ya saa moja hivi kuna uso tunaoujua ukitungoja, na kwa mtu aliyechoka hilo ni kubwa kuliko gari linalonguruma mgongoni.

Kanuni hiyo aliivunja mahali pachache, na pa kwanza ni hifadhini. Hifadhi ya Queen Elizabeth ilianzishwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga, ikapewa jina la malkia mwaka 1954. Sisi tuliozaliwa kando yake tumezoea kuipita ndani ya teksi, madirisha yamefungwa. Juu ya baiskeli ni nchi nyingine. Unasikia nyasi. Unasikia harufu ya nyati kabla ya kumwona. Kati ya Kikorongo na daraja la Katunguru, linalovuka mfereji wa Kazinga unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward, Mzee alikwenda polepole mita chache mbele yetu, nasi tukaambiwa tusitawanyike. Tembo walipotokea upande wa kulia alisimamisha gari mbali, akazima injini, akatoa mkono dirishani kutuonyesha tusimame nyuma ya gari na tusishuke kupiga picha. Tulikaa pale muda mrefu. Jike mmoja alivuka, akarudi katikati ya barabara kumngoja mtoto wake, akatutazama. Mwalimu, ambaye huwafundisha wanafunzi wa kidato cha pili habari za wanyama hawa kila mwaka, alikuwa amechuchumaa nyuma ya gurudumu.

2. Lijue lori linalotoka nyuma

Tulidhani lori la kuogopa ni lile lenye shehena. Mzee alitufundisha kinyume chake. Shehena nyingi ya barabara hii hutoka bandarini kuja bara: mafuta, vyuma, ngano, nguo. Kurudi, malori mengi ni matupu. Nasi tulikuwa tunakwenda Mombasa, maana yake malori yaliyotoka nyuma yetu yalikuwa mepesi, yenye haraka ya kuwahi mzigo mwingine, na trela zao tupu zilirukaruka kwenye mashimo na kupepesuka. Lori lenye shehena lilikuwa upande wa pili, likipanda kwa kuugua, na hatari yake ni moja tu: kuna atakayechoka kulifuata na kuamua kulipita akija uso kwa uso nasi.

Kutokana na hayo akatupa sheria fupi: malori mawili yakikutana ulipo wewe, baiskeli iingie majanini. Usisubiri kuona kama nafasi itatosha, toka. Kwenye kingo zilizomeguka, ambapo lami iko juu ya udongo kwa kiganja kizima, toka mapema ukiwa bado unaweza kuchagua pa kutokea. Muuguzi aliifuata sheria hiyo kuliko sote, na magoti yake ndiyo pekee yaliyofika Malindi bila kovu.

Kutoka Mau Summit kushuka kuelekea Nakuru kuna Salgaa, mteremko mrefu ambao malori yameua watu wengi, hasa kwa sababu madereva huachia gia ili kuokoa mafuta, kisha breki zikawaka moto. Mzee aliwahi kuzika wenzake kutoka pale. Alipanga baiskeli zote nne juu ya pikapu, akafunga kamba, akasema tupande. Fundi alinung'unika kwamba safari imekatika. Mimi naona safari ya baiskeli ambayo haiwezi kukatika kwa kilomita chache ni ya watu wanaotafuta cheti.

3. Mpakani, gari ndilo lenye karatasi

Mganda mwenye kitambulisho cha taifa huingia Kenya bila pasipoti. Busia sisi wanne tulimaliza mambo yetu haraka, tukaanza kutafuta chapati. Pikapu haikuwa na bahati hiyo. Inahitaji kadi ya usajili, barua ya mmiliki kama anayeiendesha siye, bima ya kadi ya njano ya COMESA, na kibali cha forodha cha kuingia nayo kwa muda. Karatasi moja ikipungua, siku imekwisha. Mzee alikuwa nazo zote ndani ya bahasha ya plastiki, zimepangwa kwa mfuatano ambao maafisa huziomba, lakini foleni ni foleni. Tulikuwa tumepanga kulala mbali na Busia jioni ile. Tulilala Busia.

Anayepanga safari kama hii aihesabu siku ya mpakani kuwa siku ya gari. Miguu ipumzike.

4. Baiskeli zifanane

Hili ni la fundi, nalo halina mjadala. Kabla ya kuondoka alikataa katakata baiskeli ya mwalimu, ya kisasa, nyembamba, iliyoletwa na shemeji yake kutoka Ulaya. Nzuri kweli, lakini tairi yake huipati Lyantonde wala Bugiri wala Emali. Wote tukapanda baiskeli za gia zenye tairi za inchi 26, tyubu za aina moja, cheni za aina moja. Spoku ikikatika kwangu, ya akiba ya mwenzangu inaingia. Kisanduku cha gari kilibeba vitu vya baiskeli moja, vikatosha nne.

Tena breki. Sisi watu wa milimani tunajisifu kwa kupanda, na kweli, ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Katunguru kwenda Rubirizi tuliupanda tukiimba. Kilichotumaliza ni kushuka. Mpira wa breki mpya ulilika katika miteremko ya Kenya mpaka chuma kikagusa ringi. Fundi aliukagua kila jioni kwa tochi, kabla ya kunawa.

5. Ikweta huvukwa mara tatu

Mwalimu alitaka hili liandikwe. Ukitoka Bwera uko kaskazini mwa mstari. Unauvuka karibu na Kikorongo, unauvuka tena Kayabwe kati ya Masaka na Kampala, na mara ya tatu Maseno, kabla ya Kisumu. Alidai picha kila mahali. Mzee, aliyeuvuka mara zisizo na idadi akiwa na makontena, alisema hakuwahi kuhisi gurudumu likipata tofauti yoyote.

6. Dereva naye huchoka

Ilichukua muda tulione hili, kwa sababu alikuwa amekaa na sisi tulikuwa tunatoka jasho. Lakini hebu fikiria kazi yenyewe. Anaamka kabla yetu kuchemsha maji. Anaendesha dakika 20, anangoja saa nzima ndani ya bati lenye joto, anaendesha tena. Hawezi kulala kwa sababu lazima atuhesabu. Hawezi kwenda mbali na gari kwa sababu ya wezi. Mchana kutwa anajiuliza kwa nini wa tatu hajafika. Dereva wa masafa marefu amezoea uchovu wa kwenda. Huu wa kungoja humla mtu kwa namna nyingine. Kule Lwera, kwenye kinamasi kabla ya Kayabwe, tulimkuta akiwa amesinzia juu ya usukani huku samaki aliotununulia wakipoa kwenye gazeti.

Jioni ile muuguzi aliweka utaratibu mpya bila kutuuliza. Kitanda kizuri cha gesti ni cha Mzee. Chumba chenye dirisha ni cha Mzee. Akila, ale kwanza. Na kituo cha mchana, mmoja wetu akae macho ili yeye alale. Kutokea hapo safari ilitulia.

7. Simu nyumbani kabla ya giza

Watu wa Bwera hawahitaji kuelezwa. Juni 2023 waasi wa ADF waliivamia usiku shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Tangu hapo, mama wa kwetu akikosa kujua mtoto wake amelala wapi, halali. Mtoto huyo awe na miaka 50, ni hivyo hivyo. Mzee alikuwa bado na laini ya simu ya Kenya kutoka enzi za malori. Kila jioni alituma ujumbe mmoja kwa mtu mmoja Bwera, naye akausambaza kwa familia zote: mji tuliopo, jina la gesti, wote wazima. Tulipochelewa kufika Mtito Andei na mtandao ukasumbua, saa mbili usiku watu walikuwa wameshakusanyika nyumbani kwa mwalimu.

8. Mfuko mmoja, mkono mmoja

Fedha yote kwa muuguzi. Shilingi za Uganda na za Kenya kwenye mifuko miwili tofauti. Hakuna mkopo baina yetu. Basi.

9. Pwani haina mlima, ina upepo

Nilisubiri sehemu hii kwa hamu kuliko zote, na ndiyo iliyotutia adabu.

Voi iko zaidi ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, na Mombasa iko baharini. Ukitazama ramani unajiambia kwamba kutoka hapo ni kuteremka tu. Lakini tulisafiri Julai, kabla ya msimu mkubwa wa kahawa, na Julai ni wakati wa kusi, upepo unaovuma kutoka kusini-mashariki. Barabara ya Voi kwenda Mombasa inaelekea huko huko unakotoka. Tulikanyaga pedali kwenye mteremko. Mlima una kilele, na ukikiona unajua mateso yataisha pale, lakini kusi hauna kilele. Mwalimu alipendekeza gari litangulie karibu litukinge. Mzee akajibu kwamba yeye si ukuta, tujipange mstari mmoja tupokezane mbele. Tulifanya hivyo, na kweli, wa nyuma alipata nafuu.

Kutoka Maungu kivuli ni haba. Hapo ndipo nilipoona akili ya mtu aliyeijua njia kwa miaka mingi. Mzee hakupima kwa kilomita tena, alipima kwa maji. Alijua wapi pana duka, wapi pana mbuyu wa kukaa chini yake, wapi polisi hawatamfukuza akiegesha. Mackinnon Road alitusimamisha kwenye msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali Shah, mfanyakazi wa reli ya zamani, ambapo wasafiri wa kila dini husimama kuomba usalama. Mzee ni Mkristo wa kanisa la Anglikana. Alivua viatu, akaingia, akatoka, akawasha gari. Alisema hajawahi kupapita bila kusimama na hataanza akiwa na watoto wa watu.

Baada ya Mariakani hewa ikabadilika. Kwetu jasho hukauka, pwani hukaa mwilini. Mtu anakunywa maji tu, anajaa tumbo, na kichwa bado kinamuuma, kwa sababu chumvi imetoka na haijarudi. Muuguzi alitukoroga dawa ya kila mama: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chupa mbili za hiyo kila asubuhi kabla ya mahamri na mbaazi. Tukahamisha na saa za safari: tukaanza saa kumi na moja alfajiri, kunapopambazuka tuwe njiani, saa nne na nusu tuwe chini ya mwembe mpaka saa tisa.

Kutoka Mombasa kwenda kaskazini kusi ukawa rafiki. Tulivuka daraja la Nyali, tukapita Mtwapa, tukaingia kwenye mashamba ya mkonge ya Vipingo yanayokwenda mbali mpaka macho yachoke, na upepo ukatusukuma mgongoni. Kwenye mgahawa mmoja wa kando ya njia kulikuwa na mzee akiuza madafu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wanangu. Mwatoka wapi na jua hili?"

"Uganda, babu. Kasese, kule mpakani na Kongo."

Akatazama baiskeli, akatazama pikapu iliyoegeshwa kivulini. "Na gari mnalo!"

Mzee wetu alicheka mpaka akashika mlango. Walikaa wawili hao wakizungumza kuhusu bandari ya zamani mpaka sisi tukasinzia.

Kilifi tulivuka daraja refu juu ya hori. Kabla halijafunguliwa, mwaka 1991, magari yalivushwa kwa kivuko, na Mzee aliwahi kukesha pale na gari lililobeba samaki. Baada ya hapo msitu wa Arabuko-Sokoke, kisha Gede na magofu yake, kisha Malindi. Kuhusu Malindi sina la kusema zaidi ya kwamba tuliingia majini na nguo zetu.

10. Siku za kurudi ni siku za kazi

Tulikubaliana na Mzee malipo kwa siku. Malindi sisi tulikuwa tumemaliza, yeye alikuwa na nusu ya kazi mbele yake: baiskeli nne juu ya pikapu, barabara ile ile, mpaka ule ule. Sisi tulipanda basi. Mmoja wetu, simtaji, alipendekeza siku za kurudi zilipwe nusu, kwa kuwa hapo hamsindikizi mtu. Mzee hakukasirika. Alitoa daftari lake akatusomea: mafuta, usingizi, mizani ya kupitwa, askari wa njiani, Busia tena. Kisha akauliza ni kipi kati ya hivyo kinachopungua nusu kwa sababu sisi hatupo.

Tulilipa kamili. Anayepanga safari yake aandike hilo mapema kwenye karatasi, kabla ya tairi kuzunguka, kwa sababu mwishoni mfuko umekonda na watu wamekuwa wakali. Kwetu malipo ya dereva ndiyo yaliyokuwa sehemu kubwa zaidi ya gharama baada ya mafuta, na kama ningelazimika kupunguza, ningepunguza gesti kwanza.

Mzee naye ametoa sharti la safari ijayo. Tutafute dereva mwingine wa kushirikiana naye, kwa sababu kutoka Mariakani kuteremka hadi Mombasa anataka kupanda baiskeli mwenyewe, magoti yapende yasipende, na iwe Januari, kusi ukiwa umekwisha. Fundi ameshampimia urefu wa kiti.